Msaada wa kuzuia heroini: manowari za doria au wakaguzi wa bandarini?

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Kwa mzigo mkubwa kama huo doria ya kimataifa haina mpinzani, na gharama ya mafuta ni ya nchi yenye meli. Ila dawa huteketezwa hukohuko baharini, mabaharia mara nyingi huachiwa, na tajiri wa mzigo haguswi.

Vitengo vya kukagua makontena, vinavyosaidiwa na UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) na Shirika la Forodha Duniani, ni nafuu zaidi na kesi yaweza kufika kortini. Kasheshe ni matunzo: skana hufa mfadhili keshaondoka, afisa aliyefunzwa huhamishwa. Na rushwa, tusijidanganye.

Nchi yenye bandari kubwa na waendesha mashtaka imara ianze na kitengo. Yenye pwani ndefu bila boti, iombe doria.