Mgahawa wa Kikorea wa bei nafuu: onja kimchi kwanza

Ukitaka kujua kama mgahawa wa Kikorea wa bei nafuu una mpishi wa kweli, achana na picha zilizobandikwa ukutani. Onja kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyoachwa ikachachuka. Ndiyo ya kwanza kufika mezani, hujaiagiza wala huilipii, na mwenye jiko akiamua kubana matumizi huanzia hapo hapo. Nimekula kwenye migahawa ya aina hii ambako kimchi ilikuwa kabichi mbichi iliyopakwa pilipili asubuhi ile ile, na kila kilichofuata kilikuwa na haraka hiyo hiyo.

Huu ninaouzungumzia uko katikati ya jiji, ghorofa ya chini ya jengo la maofisi, na mlango wake ni mwembamba kiasi kwamba mgeni anaupita bila kuuona. Meza zimebanana. Mchana panajaa watu wa maofisini, jioni wanafunzi, na saa za foleni huwezi kuchagua pa kukaa. Nimekula pale peke yangu na nimekula na kundi, mchana na usiku, kwa hiyo haya si maoni ya siku moja.

Mgeni hushangaa kwamba hakuna anayemletea kijiko. Ubavuni mwa meza kuna droo, ivute: humo mna vijiko vyenye mpini mrefu, vijiti bapa vya chuma na tishu. Maji unajichotea mwenyewe kwenye mashine iliyo kando ya kaunta. Ukiwa tayari kuagiza, bonyeza kengele iliyo juu ya meza na mhudumu atakuja, hakuna haja ya kupunga mkono wala kuita. Wahudumu ni wawili tu kwa ukumbi mzima, na mpangilio huu ndio unaowawezesha. Mimi naupenda. Hakuna anayekusimamia kichwani wakati bado unasoma menyu.

Sasa visahani, ambavyo wenyewe wanaviita banchan. Vinakuja vinne au vitano kwa pamoja na hubadilika kulingana na siku, ila kimchi hupikwa kila siku ikawemo. Mara nyingi kuna soya zilizochipua, zimechemshwa kidogo tu na kutiwa mafuta ya ufuta, kuna spinachi ya vitunguu saumu, na kuna dagaa wakavu wadogo waliokaangwa na shira mpaka wakang'aa. Siku ya bahati utakuta vipande vya figili vyekundu, vigumu, vinavyolia chini ya meno. Sahani ikiisha unaongezewa bila malipo. Chukua kidogo kidogo, maana kumwaga chakula alichoongezewa mtu bure ni utovu wa adabu popote.

Kimchi yao imeiva. Kabichi hutiwa chumvi ikalainika, ikasuuzwa, kisha kila jani likapakwa pilipili ya unga, vitunguu saumu, tangawizi na uduvi au samaki waliotiwa chumvi, halafu ikaachwa ichachuke. Baada ya hapo kazi ni ya bakteria na ya muda. Ya hapa, ubavu mweupe wa jani bado unakatika kwa sauti ilhali ncha imeshalainika, na majimaji yake yanachonyota ulimi kidogo kabla pilipili haijafika. Huko Korea familia na majirani wamezoea kukutana mwishoni mwa vuli kutengeneza kimchi ya kuwavusha majira ya baridi. Desturi hiyo inaitwa kimjang, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Ukionja kitu kilichopewa muda wake namna hii, unaelewa kwa nini watu wanakitunza.

Chakula ninachokirudia ni sundubu jjigae, mchuzi mwekundu wa tofu laini, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Unafika ndani ya chungu cheusi cha udongo, bado unatokota, mapovu yanapanda na kupasuka kwenye ukingo. Pamoja nacho kuna yai bichi. Lipasue papo hapo na ulitumbukize katikati, usilikoroge. Lifunike kwa tofu na uliache wakati unaonja visahani. Ukirudi, ute umeshakuwa mweupe na kiini bado ni laini. Tofu yenyewe haina umbo, inateleza kwenye kijiko kama maziwa yaliyoganda, na ndani yake unakutana na kombe wadogo waliotoa utamu wao wote kwenye mchuzi. Pilipili ipo, lakini haiji kwa fujo. Inajenga taratibu, na kufikia nusu ya chungu jasho linakutoka usoni nawe hutaki kuacha. Wali unaletwa kwenye bakuli la chuma lenye kifuniko. Bakuli hilo ni la moto sana, na kwa Wakorea halinyanyuliwi mezani: unachota kwa kijiko, unachovya, unakula.

Bibimbap ya chungu cha jiwe inafuata kwa karibu. Juu ya wali wamepanga karoti, uyoga, spinachi, soya zilizochipua, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na yai, na pembeni wameweka gochujang, rojo nzito ya pilipili iliyochachushwa na soya na mchele. Wengi hukosea kwa kuharakisha kuchanganya na kula. Changanya, halafu isubiri. Jiwe linaendelea kupika, na chini unajijenga ukoko wa rangi ya dhahabu ambao ndio sababu ya kulipia chungu cha jiwe badala ya bakuli la kawaida. Ukwangue kwa kijiko mwishoni. Tia gochujang nusu kwanza, uongeze baadaye, kwa kuwa ikishaingia haitoki.

Si kila kitu kiko kwenye kiwango hicho. Tteokbokki, vile vipande vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa pilipili, ni tamu kupita kiasi. Sukari imefunika kila kitu na vipande vyenyewe huwa vimekaa kwenye sufuria mpaka vikalegea. Kimbap, wali ulioviringishwa ndani ya mwani, imefungwa vizuri, ila jioni wali wake umeshakauka kwa sababu huviringishwa mapema mchana. Nyama ya kuchoma mezani ni nzuri, lakini wanataka uagize ya watu wawili kwenda juu, na feni ya kuvuta moshi haina nguvu, kwa hiyo nguo zitanuka mpaka zifuliwe. Kwa nyama, heri uende mgahawa unaofanya nyama tu.

Jambo ambalo wangepaswa kuliandika kwenye menyu na hawajaliandika ni vilivyomo. Asiyekula nguruwe aulize kabla, maana kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi, kwa kawaida hupikwa na nguruwe, mandu nyingi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa, zina nguruwe ndani, na budae jjigae, mchuzi uliozaliwa baada ya vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 kutokana na nyama za kopo na soseji zilizotoka kambi za jeshi la Marekani, nao ni vivyo hivyo. Asiyekula nyama kabisa ana kazi zaidi: kimchi yenyewe ina samaki au uduvi, na michuzi mingi huanzia kwenye supu ya dagaa na mwani. Nilimuuliza mhudumu kuhusu sundubu na akaenda jikoni kuuliza badala ya kubahatisha. Akarudi na jibu kamili, na akaniambia wanaweza kuipika kwa supu ya mwani na uyoga peke yake nikitaka. Kwa mgahawa wa bei hii, hiyo ni heshima kubwa kwa mteja.

Kasi ni nzuri. Chungu hufika kabla hujamaliza visahani, hata saa ya msongamano. Kulipa ni kwenye kaunta ukitoka, wala usikae mezani ukisubiri bili. Hawaharakishi mtu kwa maneno, lakini ukiona foleni mlangoni na chungu chako kimeshakauka, nyanyuka tu. Chooni ni safi. Kelele ni nyingi, si mahali pa mazungumzo marefu ya siri.

Kuhusu bei, utalinganisha mwenyewe na ya jijini kwako. Nitakachosema ni jinsi ya kuihesabu. Kwa bei ya chungu kimoja unapata mchuzi, wali, yai na visahani vinavyojazwa tena, na hakuna kingine utakacholazimika kuagiza ili ushibe. Migahawa mingine yenye bei sawa kwenye menyu inatoza kila kisahani peke yake, na hapo ndipo bili inapopanda kimyakimya. Uliza mapema kama banchan ni bure na kama zinaongezwa.

Ukienda peke yako, agiza sundubu. Mkiwa wawili, ongezeni bibimbap ya jiwe mgawane, na mkiwa wanne wekeni katikati haemul pajeon, ile chapati nene ya majani ya vitunguu na ngisi, ambayo huliwa ikiwa moto wakati kingo bado zinavunjika. Fika kabla ya saa sita mchana au baada ya saa nane. Usiku sana usiende, kwani wali unakuwa wa mwisho wa sufuria na kimchi mara nyingine huwa imeshaisha.