Vituo vya klorini ufukoni mwa Goma: huduma nzuri, na pale inapovuja

Kwa mtu wa Goma anayekula kwa faranga alizopata siku hiyohiyo, njia bora ya kusafisha maji ni ile isiyomdai pesa asubuhi. Kwa kigezo hicho, kituo cha klorini kilichowekwa kando ya Ziwa Kivu, pale watu wanapochota, kinashinda vidonge, vifuko vya unga na makala (makaa) ya kuchemshia. Tunakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja tumeizuia kwa makosa ambayo karibu yote yanarekebishika bila kuongeza pesa.

Kwanza ieleweke kwa nini kipindupindu kinaipenda Goma. Mji umekaa juu ya lava. Kisima hakichimbiki, na choo nacho kwa shida: shimo linakuwa fupi, linajaa upesi, na parseli (kiwanja) moja yenye kaya nyingi inatumia choo kimoja. Umeme ukikatika pampu zinasimama, robine (mabomba ya maji) zinakauka, na watu wanateremka ziwani na bidoni (madumu ya lita 20). Mwenye sitene (tangi la maji) nyumbani hagutuki. Asiye nayo anachota, au ananunua bidoni moja moja iliyopandishwa kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na kwa lita anaishia kulipa zaidi kuliko jirani mwenye robine. Viwango vya misaada ya dharura vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu. Wakiweza mbili tu, kinachokatwa kwanza ni maji ya kunawa mikono. Ugonjwa unapita hapo. Mji huu ulishaona mwisho wa njia hiyo: Julai 1994 wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma na kandokando yake, na karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Sasa huduma yenyewe. Mhudumu ana chombo cha klorini ya 1% na bomba la sindano. Unatoka majini na bidoni imejaa, anatia klorini, unafunga, unatikisa, unaenda. Mchanganyiko wa 1% unatengenezwa kwa gramu 15 za HTH, unga wa klorini wenye nguvu ya 65 hadi 70%, ndani ya lita moja ya maji safi. Uachwe utulie, kisha yatumike maji ya juu yaliyo meupe, yaani maangavu, maana masimbi ya chini huziba bomba na kuharibu kipimo. Chombo kiwe cha plastiki kisichopitisha mwanga, kikae kivulini. Klorini iliyoanikwa juani hupoteza nguvu kimyakimya: mhudumu anaendelea kutia mililita zilezile, lakini maji hayasafishiki.

Kiasi cha kutia hakikaririwi, kinapimwa. Ndoo nne za lita 20 zinajazwa maji ya ziwa ya asubuhi hiyo, zinatiwa mililita 2, 4, 6 na 8. Baada ya dakika 30 kila ndoo inapimwa kwa kidonge cha DPD namba 1, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Ndoo inayobakiza karibu miligramu 0.5 za klorini kwa lita ndiyo inatoa kipimo cha siku. Mvua kubwa ikishusha uchafu ziwani, kipimo cha jana hakifai tena. Uchafu unaila klorini kabla haijagusa vijidudu. Ukiona mhudumu anatia kiasi kilekile siku ya jua na siku ya gharika, muulize alipima lini.

Rangi ya kidonge nayo inataka jicho. Waridi hafifu ni klorini kidogo, waridi iliyokolea ni nyingi. Rangi ikitokea ghafla kisha ikafutika na maji yakabaki meupe, usiseme hakuna klorini: imezidi mno hadi imeichoma rangi yenyewe. Asiyejua hilo huongeza tena, na bidoni inafika nyumbani ikinuka hadi watoto wanaikataa.

Kuna jambo la Ziwa Kivu ambalo vituo vingi havielezi. Maji yake yana pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 9. Kwenye kisanduku cha kupimia, upande wa pH, rangi hupanda hadi nyekundu ya mwisho, kwa sababu kipimo kile kinaishia 8.2. Katika maji ya namna hiyo chini ya asilimia 10 ya klorini inabaki katika hali ile inayoua haraka. Iliyobaki ni dhaifu na inahitaji muda. Kwa hiyo zile dakika 30 za kawaida, kwa maji ya ziwa hili, sisi tunazihesabu saa nzima. Kipindupindu si sugu mbele ya klorini, lakini bidoni inabeba vingine pia.

Na saa nzima ni gharama kwa maskini. Nyumba yenye bidoni mbili haina maji ya akiba ya kunywa wakati mpya yakingoja. Mtoto aliyebeba kutoka ufukoni hadi mtaa wa Ndosho anakunywa njiani. Kituo kinachogawa klorini bila kujali vyombo kimefanya nusu ya kazi. Ndoo moja yenye kifuniko na robine ndogo, kwa kila nyumba, ingeokoa zaidi ya mhudumu wa pili kwenye foleni, kwa sababu ingewapa watu mahali pa kungojeshea maji, na kikombe kisingezamishwa humo kwa mkono.

Makosa mengine ni ya mkono. Klorini ikitiwa katika bidoni tupu kabla ya kuizamisha, inabaki ziwani. Kipimo cha lita 20 kikitiwa katika kidumu cha lita 5 cha mtoto, kimezidi mara nne. Kama kipimo cha siku ni mililita 4, kidumu hicho kinastahili 1. Bidoni yenye utando wa kijani ndani inakula klorini yote: itiwe sabuni, maji kidogo na vijiwe, itikiswe kwa nguvu, kisha isuuzwe. Iliyowahi kubeba petroli isitumike kabisa. Na kifuniko kiwepo; jani lililokunjwa mdomoni mwa bidoni halizuii vumbi wala mikono.

Vidonge vinashika nafasi ya pili. Cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji meupe, na kinatoa karibu miligramu 2 za klorini kwa lita, sawa na mililita 4 za kituoni. Tatizo ni ukubwa tofauti: vipo vya lita moja, vipo vya lita 20. Ukikatiwa kimoja kutoka kwenye bamba, maelezo yamebaki dukani. Dai kuona namba kabla ya kulipa.

Kifuko cha unga cha gramu 4 ni kizuri kwa maji ya tope: lita 10, koroga dakika 5, yaache yatulie dakika 5, chuja kwa kitambaa cha pamba, ngoja dakika 20. Kinataka ndoo mbili. Kwa maji ya ziwa, ambayo siku nyingi ni meupe, unalipia kazi usiyoihitaji.

Kuchemsha kunaua vijidudu vya maradhi. Maji yakitokota kwa dakika moja yanatosha kwa mwinuko wa Goma. Ila lita 20 kwenye mbabula (jiko la makaa) zinamaliza makala ya kupikia, na maji yakipoa hayana kinga, mkono mchafu ukiingia yanarudi kuwa hatari.

Klorini haimtibu aliyekwisha kuugua. Anayehara maji kama ya mchele apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja ya ORS kwa lita moja, au vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi. Aanze kunywa nyumbani na aendelee njiani kwenda kituo cha afya.

Wanaoendesha vituo hivi tunawaomba matatu. Kipimo cha asubuhi kiandikwe ubaoni, mililita na klorini iliyobaki, kila mtu aone. Mhudumu awe ufukoni kabla ya mapambazuko, kwa kuwa foleni ya kwanza ni ya kinamama wanaowahi soko. Na mlipuko ukitulia, msifunge siku hiyohiyo: robine za juu bado ni kavu, na watu watateremka kuchota kesho kama jana.