Gemu zisizosema neno: uzoefu wangu na Hook, klocki na Mini Metro

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Tangu naingia zamu mpaka natoka kuna sauti ya mtu masikioni mwangu, na mara nyingi mtu huyo amekasirika: muamala haujafika, laini imefungwa, salio limekatwa. Nikirudi nyumbani sitaki redio, sitaki tamthilia, na kundi la WhatsApp la ukoo nalipitia kesho yake. Ndiyo maana gemu ninazozipenda ni zile zisizosema neno. Nimekaa na tatu kwa muda mrefu sasa na nimeamua kuandika habari zake, kwa sababu watu wengi wanaonizunguka wakisikia gemu wanafikiria mpira au bunduki, na hizi zinawapita hivihivi.

Naanza na Hook, maana ndiyo ninayompa kila mtu kwanza. Imetengenezwa na Maciej Targoni wa Poland, muziki wake ni wa Wojciech Wasiak, na ilitoka mwaka 2015. Ukiifungua hukutani na mhusika anayekupungia mkono wala maelezo ya kusoma. Unaona kioo cha kijivu hafifu, mstari mmoja mweusi na kitone cha duara. Unagusa kitone kwa sababu hakuna kingine cha kugusa. Mstari unajirudisha ndani taratibu, unapotea, na fumbo la pili linaingia. Umeshafundishwa.

Baada ya hapo mistari inaongezeka. Mingine ina kulabu mwishoni, na kulabu hiyo imeung'ang'ania mstari wa jirani. Ukivuta mstari ulioshikwa, unagoma. Inabidi umtafute anayeshika, uangalie kama naye hajashikwa na mwingine, urudi nyuma hivyohivyo hadi umpate aliye huru kabisa. Ni kama kufumua nywele zilizosukwa: ukianzia katikati unajivuta kichwa bure, ukiipata ncha yake kila kitu kinaachia.

Ngoja nieleze fumbo la kati hivi, ili anayesoma aone utamu ulipo. Kuna vitone kadhaa chini ya kioo, na kutoka kila kitone unatoka waya mwembamba unaokwenda hadi kwenye mstari wake. Njiani nyaya zinakutana kwenye viduara unavyoweza kuvizungusha, kama pale reli zinapogawanyika na mtu anaamua treni ipite upande gani. Kwa hiyo swali la kwanza ni mstari upi utoke. La pili ni kitone kipi kinaufikia. La tatu ni kama waya huohuo haufiki pia kwenye mstari mwingine ambao bado umebanwa, maana ukibonyeza vitavutwa vyote viwili. Mimi hufuata waya kwa kidole bila kugusa kioo, napita kwenye kiduara cha kwanza, cha pili, najua nimetua wapi, ndipo nabonyeza. Mstari unaondoka. Nafasi uliyoiacha inakuonyesha kitu ambacho hukukiona: kulabu iliyokuwa imejificha nyuma yake. Kila hatua inakusafishia kioo, na mwisho kinabaki kitupu.

Hakuna saa inayokukimbiza. Hakuna pointi, nyota, sarafu wala almasi. Hakuna maisha matatu ambayo yakiisha unaambiwa ununue mengine au usubiri. Mafumbo ni 50, ukiyamaliza umeyamaliza, na mtu mwepesi anaweza kuyamaliza jioni moja. Wapo wanaolalamika kwamba ni fupi. Kwangu ufupi huo ni heshima: mtengenezaji alikuwa na jambo moja, akalionyesha pande zake zote, akaniacha niendelee na mambo yangu.

Nimejiuliza sana kwa nini jambo dogo kiasi hiki linanipumzisha kuliko kulala kwenye kochi nikivuta picha za watu kwa kidole gumba. Jibu nililolipata linatokana na kazi yangu. Mteja ananieleza tatizo, naliandika, nalipeleka kitengo kingine, simu inakatika. Sijui kama liliisha. Naingia kwenye simu inayofuata nikiwa nimeshikilia nusu ya tatizo la yule aliyepita, na ikifika jioni nina nusu nyingi kichwani. Hook inanipa tatizo zima. Liko lote mbele ya macho, halina kitengo kingine, na naliona likiisha. Nadhani walimu, manesi na watu wa madawati ya huduma watanielewa haraka. Akili iliyochoka haihitaji kuachwa wazi tu, kwa sababu ikiachwa wazi inajirudia yaleyale ya mchana. Inahitaji kushikishwa kitu kimoja, kidogo, chenye mwisho.

Faida nyingine sikuitarajia. Mama yangu Kiingereza hakimpandi, na gemu nyingi za simu zinamtupa nje kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Nilimpa Hook mkononi bila kumwambia chochote. Baada ya dakika chache akaniita: "Mwanangu, huu mbona unagoma?" Nikamwambia, "Angalia umeshikwa na nani, mama." Akanyamaza, akainamisha kichwa, akasema, "Ahaa, huyu hapa mwenye mkono mrefu." Tangu siku hiyo akija kwangu simu yangu si yangu. Gemu isiyo na maneno haimbagui mtu kwa lugha wala kwa shule, na hilo ningependa watengenezaji wetu wa hapa walifikirie.

Klocki ni ya Targoni huyohuyo, ilitoka mwaka 2016. Hapa kuna vibao vilivyopangwa juu ya maumbo ya mchemraba, kila kibao kimechorwa kipande cha mstari, na kazi yako ni kuvibadilishana nafasi au kuvizungusha mpaka mstari uunganike wote. Rangi zake ni laini zaidi na unaweza kuligeuza umbo zima uone mgongoni. Ni nzuri na inatuliza, lakini kwangu iko chini ya Hook kidogo, kwa sababu mara nyingi unaweza kuhamishahamisha vibao hadi vikubali bila kufikiri sana. Anayetaka mikono ishughulike huku akili imelala ataipenda kuliko mimi.

Mini Metro, gemu ya kupanga njia za treni za mji, ni habari nyingine. Ilianzishwa na ndugu wawili wa New Zealand, Peter na Robert Curry, kwenye shindano la kutengeneza gemu kwa siku chache liitwalo Ludum Dare, Aprili 2013, ambapo mada ilikuwa kutumia vitu vichache. Kampuni yao ni Dinosaur Polo Club. Gemu kamili ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015 na kwenye simu mwaka 2016.

Unaanza na stesheni tatu tu: duara, pembetatu, mraba. Abiria nao ni vimaumbo vidogo vinavyosubiri. Aliye mraba anataka kushushwa kwenye stesheni ya mraba, yoyote ile. Unachora njia ya reli kwa kidole na treni inaanza kutembea. Stesheni mpya zinachipuka zenyewe, nyingine ng'ambo ya mto, na kila wiki ya ndani ya gemu unapewa kichwa cha treni pamoja na kitu kimoja cha kuchagua, pengine behewa, pengine njia mpya au handaki la kuvukia maji. Mistari inakwenda wima, mlalo au kwa mshazari tu, mtindo uliotokana na ramani ya treni za chini ya ardhi za London ambayo Harry Beck aliichora na ikachapishwa mwaka 1933. Beck aliona abiria hana haja ya kujua njia inapinda wapi hasa. Anataka kujua stesheni gani inafuata gani. Kwa maoni yangu gemu nzima imejengwa juu ya wazo hilo la kuondoa kila kisichosaidia.

Sauti yake lazima niitaje. Ni kazi ya mtunzi wa muziki aitwaye Disasterpeace, na haikurekodiwa kama wimbo mmoja unaojirudia. Inatungwa papo hapo kutokana na reli ulizochora, treni zinazofika na abiria wanaopanda. Mji wako unajipigia muziki wake. Mwaka 2016 ilipata tuzo ya sauti kwenye Independent Games Festival, tamasha la gemu za watengenezaji huru, na ukiisikiliza usiku kwa hedifoni huoni cha kubisha.

Lakini nisidanganye mtu: kwa hali yake ya kawaida Mini Metro haitulizi hadi mwisho. Stesheni ikijaa kupita kiasi inazungukwa na duara linalojaa taratibu, na likifunga gemu imekwisha. Dakika za mwisho moyo unakwenda mbio, na mimi mapigo ya aina hiyo nayapata kazini bure. Dawa ni kuingia kwenye hali ya Endless, ambayo haifungi mchezo kwa sababu ya msongamano. Hapo ndipo inakuwa ile ninayoitaka: najenga, nabomoa, natazama. Ushauri mdogo wa kiufundi: stesheni za duara ndizo nyingi zaidi, hivyo usizifuatanishe nyingi kwenye njia moja. Changanya maumbo, abiria washuke mapema.

Kampuni hiyohiyo ilitoa Mini Motorways mwaka 2019, ya barabara badala ya reli, na Dar es Salaam imo kati ya miji yake. Mimi nimeicheza kwenye kompyuta. Siwezi kueleza raha ya kukuta jina la mji wako kwenye orodha moja na Tokyo na Los Angeles. Ukishaunganisha nyumba na majengo ya rangi yake na kuona vigari vimeanza kurundikana kwenye makutano uliyoyaweka mwenyewe, utaiangalia Barabara ya Morogoro kwa jicho jingine ukiwa ndani ya mwendokasi.

Sasa mambo ya mfukoni. Gemu hizi unalipia mara moja na bei ni ndogo. Hook kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inauzwa chini ya dola moja. Mimi nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya akaunti yangu ya pesa za simu. Zikishapakuliwa zinacheza bila intaneti, kwa hiyo hazigusi bando, na kwa kuwa zina vitu vichache hata simu ya bei ya chini inazimudu bila kupata moto.

Kabla ya hizi nilitumia moja ya bure iliyofanana nazo kwa sura. Kila baada ya fumbo lilikuja tangazo la kelele, tena lenye alama ya kufunga ndogo kiasi kwamba ukiikosa unapelekwa dukani. Nikaifuta. Tatizo hili lina historia: Machi 2014 kijana wa Italia wa miaka 19, Gabriele Cirulli, aliweka 2048, gemu ya kuunganisha namba, mtandaoni bure, pamoja na msimbo wake wazi kwa yeyote. Baada ya hapo zikajaa nakala za kila aina madukani, nyingi zikiwa zimesheheni matangazo. Utulivu hauwezi kunakiliwa kwa kuiga rangi na maumbo halafu ukapachika kelele katikati. Angalia jina la mtengenezaji kabla hujapakua.

Hizi si gemu za kila mtu. Anayependa bao pale kijiweni, kete 64, mashimo 32 na watu sita wanaomfundisha mchezaji cha kufanya, anapenda watu pamoja na mchezo, na hapa watu hawamo. Anayetaka ushindani na rafiki yake naye atachoka mapema.

Kwa mwingine yeyote, mpangilio wangu ni huu: Hook kwanza, sauti ikiwa wazi na taarifa za simu zikiwa zimezimwa. Klocki wikiendi. Mini Metro mwishoni, nenda moja kwa moja Endless, chagua London ili uuone mchoro wa Beck ulipotokea. Hook 2 nayo imeshatoka, na mama ameshaniuliza ataipata lini.