Animal Crossing nikiwa Kigoma: samaki wapo, Tanganyika haimo

Huku kwetu umeme hukatika na bando huisha, kwa hiyo mchezo unaodai intaneti muda wote haunifai. Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa video wa kuishi kisiwani, kuvua samaki na kukamata wadudu, uliotoka mwaka 2020, nauchezea kwenye kifaa cha mkononi cha Nintendo Switch bila mtandao kabisa. Ila kilichonishika hasa ni viumbe wake: samaki 80 na wadudu 80, wote wameigwa kutoka kwa viumbe wa kweli.

Kila kiumbe ana miezi yake na saa zake. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zamani za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, haonekani mpaka mvua inyeshe. Ukitikisa mti wenye kiota cha nyigu, jiandae kukimbia. Wakikuwahi uso unavimba. Na yupo dundu anayeviringisha kinyesi! Mwanzoni mchezo hukuuliza kisiwa chako kiwe kizio kipi, yaani nusu ipi ya dunia; mimi nilichagua cha kusini, basi Juni hadi Agosti, Kigoma ikiwa vumbi tupu, kisiwa changu kimejaa theluji na huyo dundu anasukuma tonge la theluji kwa miguu ya nyuma. Nilimwangalia muda mrefu kabla ya kumtupia wavu, kwa sababu pale mdudu anafanya shughuli yake, hajakaa tu kusubiri kukamatwa.

Samaki ndio hawakupewa nafasi hiyo. Unaona kivuli majini, unatupa ndoano, kinagusagusa chambo, kikizama unabonyeza, unampeleka makumbusho. Kambare au papa, mwendo ni uleule. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tunajua samaki ana vituko zaidi ya hivyo.

Chukua yule mdogo wa jamii ya samaki waitwao siklidi, hafiki urefu wa kidole, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Anachimba mchanga kuzunguka kombe lake, akishtuka anazama ndani. Au mla magamba: hawali samaki wenzake, anawanyofoa magamba tu. Wengine mdomo umepindia kulia, wengine kushoto, na aliyepindia kulia hushambulia kwa nyuma ubavu wa kushoto wa windo lake. Hebu fikiria mchezaji anayelazimika kutazama mdomo umeelekea wapi ndipo ajue alinde upande gani! Gogogo mwenye madoa, jamaa ya kambare, naye ni tapeli kamili. Siklidi wanaoatamia mayai mdomoni wakiwa wanataga, yeye anapenyeza ya kwake; mama anayaokota yote, kisha vitoto vya gogogo vinaanguliwa mapema na kula watoto wa mwenye mdomo.

Dagaa pia wangebadilisha kabisa uvuvi wa usiku. Kule mwalo wa Kibirizi kila mtu anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka kazi inalala. Dagaa wanafuata taa kukiwa na giza. Mchezo unaohesabu saa na mvua kwa makini namna hii ungeweza kuhesabu na mwezi. Kwa upande wa wadudu ningeongeza kumbikumbi, watoke kwa wingi baada ya mvua za kwanza, wajae kwenye taa, waangushe mabawa, na ndege na vyura wawakimbilie. Watoto wa hapa wangewatambua mara moja.

Kiswahili hakimo, kwa hiyo mtoto asiyesoma Kiingereza atahitaji mkubwa wa kumsomea maelezo ya bundi anayesimamia makumbusho ya mchezo, na maelezo hayo ni matamu, hasa kwenye wadudu, maana bundi mwenyewe anawachukia. Picha ni safi, sauti ya mvua imetulia.

Naupa nyota nne kati ya tano. Ukiununua, fikiri vizuri unapoulizwa uchague kizio, kwa sababu baadaye hakibadiliki mpaka ufute kisiwa chote.