Huduma ya Kutambua Tokeni za Hisani kwa Picha: Shaba Wanaijua, Risasi Bado

Huduma hii, ambayo sitaitaja kwa jina, hupokea picha za tokeni za kale (vipande vya chuma vinavyofanana na sarafu, vilivyotolewa na taasisi au watu binafsi badala ya serikali) na kumrudishia mteja maelezo ya asili, umri na matumizi yake. Niliwatumia picha za tokeni mbili, moja ya shaba kutoka Uingereza na nyingine ya risasi, yaani ile metali laini na nzito, kutoka Scotland.

Kuhusu ile ya shaba sina neno. Ni peni ya mwaka 1813 iliyotolewa na nyumba ya maskini ya Birmingham, na mtaalamu wao hakuishia kusoma maandishi yake, bali alieleza kwamba sarafu ndogo za serikali zilikuwa haba mno, ndiyo maana wasimamizi wa maskini wa Birmingham na Sheffield walitoa tokeni zao wenyewe. Aliongeza kwamba tokeni za peni za enzi hiyo mara nyingi zilibeba ahadi ya noti ya pauni moja kwa kila tokeni 240. Nilisimama hapo kwa muda, kwa sababu maskini aliyepewa peni chache za kujikimu asingeweza kufikisha idadi hiyo; mwenye kufaidika na ahadi ile alikuwa mwenye duka, aliyezikusanya kutoka kwa wateja wake. Tena zilitegemewa kiasi kwamba Bunge lilipopiga marufuku tokeni za binafsi mwaka 1817, za Birmingham ziliachwa zitumike hadi Machi 1820 na za Sheffield hadi Machi 1823. Maelezo ya namna hii yanastahili kulipiwa.

Ile ya risasi waliiita beji ya ombaomba mwenye kibali, na walisema hivyo bila kuonyesha shaka yoyote. Ni kweli kwamba Scotland ilikuwa na beji hizo, na kwamba sheria zake ziliwataka ombaomba walioruhusiwa wawe na alama tangu karne ya 15. Lakini beji ilitengenezwa ili ionekane, kwa hiyo kwa kawaida ni pana na ina tundu au kishikizo cha kuishonea kwenye nguo. Kipande changu ni kidogo kama ukucha wa kidole gumba, hakina tundu, na kina mwaka pamoja na herufi za kwanza za jina la mchungaji. Hizo ni dalili za tokeni ya Meza ya Bwana, ambayo muumini alipewa na wazee wa kanisa baada ya kuridhika naye, kisha akaikabidhi siku ya ibada. Haikuwa na uhusiano na msaada wa maskini. (Beji za ombaomba ni adimu zaidi na huuzwa ghali zaidi, jambo linalofanya kosa hilo lisipendeze.)

Nilipowaandikia walirekebisha jibu lao kwa adabu, ingawa bila kueleza walifikiaje lile la kwanza. Kwa tokeni yenye maandishi kamili nitawatumia tena. Kwa risasi iliyochakaa, mteja aweke rula kando ya tokeni anapopiga picha, aonyeshe pande zote mbili pamoja na ukingo, na adai waandike ni dalili ipi iliyowafikisha kwenye jina walilolitoa.