Uzoefu wangu na kigunduzi cha radi cha mkononi kwenye ufuo wa Kigoma

Kifaa ninachokieleza hapa ni kigunduzi cha radi cha mkononi, kidogo kama simu ya vitufe, chenye kioo kinachoonyesha umbali wa dhoruba kwa kilomita na mlio mfupi unaotoka kila radi inapopiga. Nilikiagiza Kariakoo, kikaletwa Kigoma kwa basi pamoja na mizigo mingine, na nimekitumia msimu mzima wa mvua. Chapa iliyoandikwa kwenye kasha sijaiona kwingine kokote, na sidhani kama ina uzito mkubwa, kwa sababu vigunduzi vingi vya bei hii hufanya kazi kwa namna moja. Sikukinunua kwa ajili ya kulinda nyumba. Burudani yangu ni kutazama, kupiga picha na kurekodi radi juu ya Ziwa Tanganyika, na nilitaka kujua kama kifaa hiki kinaweza kuniongezea kitu ambacho macho, masikio na saa ya mkononi havinipi. Kinaniongezea, ila si pale muuzaji alipoahidi.

Kigoma ni mahali pazuri pa kukijaribu. Mji umekaa kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, ng'ambo kuna milima ya Kongo, na kati yetu na milima hiyo kuna maji ambayo upana wake wa wastani ni kilomita 50 hivi. Msimu wetu wa mvua ni mmoja na mrefu, kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja hadi mwezi wa nne au wa tano. Mchana jua hupasha nchi kavu joto na mawingu hujikusanya juu ya vilima vya bara, upande wa Kasulu na Uvinza. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi hushuka kutoka milimani pande zote mbili, hukutana juu ya maji ambayo bado yana joto, na hewa yenye unyevu hubanwa hadi ikapanda, ndipo wingu huota ziwani penyewe. Ukanda huu wote wa maziwa ya bonde la ufa una radi nyingi kupita kiasi. Uchambuzi wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, iliyo Kivu Kusini kaskazini magharibi mwetu, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi kwa kila kilomita ya mraba, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Radi inapopiga hutoa mwanga na sauti, na pia mawimbi ya redio. Ndiyo maana redio ya AM hukwaruza mvua inapokaribia. Kigunduzi hiki ni redio ndogo iliyowekwa isikilize masafa ya karibu na kilohezi (kHz) 500. Husikia mkwaruzo, huupima nguvu zake, kisha hukadiria umbali. Hakioni mwanga wala hakisikii ngurumo, kwa hiyo hufanya kazi mchana na usiku, hata kama ukungu umefunika ziwa. Kikomo chake, kwa mujibu wa karatasi iliyomo ndani ya kasha, ni kilomita 40, na kwa niliyoyaona karatasi hiyo haisemi uongo.

Kikomo hicho, hata hivyo, kinaishia majini. Wingu la radi katika ukanda wetu wa joto laweza kupanda kilomita 12 hadi 16 kwenda juu, na usiku mmweko wake huonekana kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 100. Mtu anaweza kukaa ufuoni Bangwe saa mbili usiku, upeo wote wa magharibi ukawaka na kuzima bila kupumzika, na kigunduzi kikabaki kimya mkononi mwake. Anayekinunua asidhani kimeharibika. Radi hizo ziko juu ya milima ya Kongo au ng'ambo yake, na kifaa hakina masikio ya kufika huko.

Upande wa karibu nao una kikomo chake, ila hicho ni cha masikio yetu. Ngurumo kwa kawaida haisikiki vizuri kutoka zaidi ya kilomita 15 hivi, kwa kuwa sauti hupindia juu inapopita katika tabaka za hewa zenye joto tofauti, na hapa kwetu upepo na mawimbi huipunguza zaidi. Kwa hiyo kati ya kilomita 40 na kilomita 15 kuna pengo ambamo jicho linaona mwanga lakini haliwezi kusema uko umbali gani, na sikio halijapata kitu. Ndani ya pengo hilo ndipo mpiga picha anapolazimika kuamua: je, nifungue stendi ya kamera, nisubiri, au nianze kurudi nyumbani? Kabla ya kuwa na kigunduzi niliamua kwa kubahatisha. Sasa naona namba ikishuka au ikisimama palepale, na najua dhoruba inakuja ufuoni au imetulia katikati ya ziwa. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na kwangu imetosha kulipia bei yake.

Namba zenyewe zinataka kusomwa kwa kiasi. Haziendi moja moja, huruka: 40, 37, 34, 31, 27, 24, 20, na kuendelea hivyo hadi chini. Kifaa hakipimi radi moja kama fundi apimavyo ubao, bali hutumia radi kadhaa zilizopita kukadiria ukingo wa mbele wa dhoruba uko wapi, na kwa sababu hiyo huchelewa kidogo kubadilika hali inapogeuka ghafla. Chini ya kilomita 10 siitazami tena namba yake. Sauti hutumia takribani sekunde tatu kusafiri kilomita moja, hivyo kuhesabu sekunde tangu mwanga hadi ngurumo na kugawanya kwa tatu hutoa jibu bora kuliko kioo hiki. Kifaa kikisema sita na hesabu ikisema nne, mimi nasimama na hesabu.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni kwamba hakisemi upande. Kwa mkaaji wa uwanda wa Tabora hilo pengine si kubwa, lakini hapa dhoruba ya jioni inaweza kuwa bado inafifia nyuma ya Mwandiga, upande wa bara, wakati nyingine imeanza kujenga ziwani, na kifaa huzichanganya zote mbili kikatoa namba moja. Kilomita 20 za nyuma yangu hazina maana yoyote kwa kamera inayotazama Kongo. Pia hakitofautishi radi inayopiga ardhi au maji na ile inayobaki ndani ya mawingu, ambayo ndiyo nyingi zaidi.

Kuhusu kelele za umeme wa majumbani, jiandae. Chaja za bei rahisi, taa za LED, inveta ya sola, mashine ya fundi wa kuchomelea na hata plagi ya bodaboda inayopita, vyote hutoa mikwaruzo ambayo kifaa huweza kuidhania kuwa radi. Sebuleni kwangu, mtaa wa Mwanga, kilikuwa kikilia katika anga jeupe lisilo na wingu hata moja. Kilitulia nilipokipeleka barazani, mbali na nyaya na bati, na kupunguza usikivu wake kwa kitufe cha pembeni. Njia yangu ya kuhakiki ni kuwasha redio ndogo ya AM mahali pasipo na stesheni: vikilia pamoja kwa sekunde ileile, na redio ikitoa mpasuko mfupi badala ya mvumo wa mfululizo, hiyo ni radi.

Sasa nije kwenye kurekodi. Usiku kifaa hakisaidii kupiga picha yenyewe, kwa kuwa kamera ikiwa kwenye stendi, ISO 100 (usikivu mdogo wa mwanga), lenzi ikiachwa wazi sekunde 10 hadi 20 na picha zikafuatana bila kukoma, radi hujichora yenyewe. Kinachosaidia ni kuanza kwa wakati, ili betri na kadi ya kumbukumbu visiishe kwa dhoruba iliyo nje ya uwezo wa lenzi. Nyakati za giza wavuvi wa dagaa huwa ziwani na taa zao, na katika picha ya sekunde 20 kila taa huchora mkwaruzo mfupi kwa jinsi mtumbwi unavyoyumba. Wapo wanaoona zinaharibu picha. Mimi nazipenda, tena hunionyesha maji yanaishia wapi. Mwezi ukiwa mpevu taa hupungua, lakini hapo mawingu yenyewe hung'aa na lenzi inabidi iachwe wazi kwa muda mfupi zaidi.

Mchana natumia video ya simu, na hapa kigunduzi kimenipa msaada ambao muuzaji hakuutaja kabisa. Mmweko mmoja wa radi kwa wastani hudumu sehemu ya tano ya sekunde, na mara nyingi una mapigo matatu au manne yanayofuatana katika njia ileile. Video ya picha 30 kwa sekunde huyanasa kwa kubahatisha, ilhali ile ya picha 240 huonyesha wazi jinsi mwanga unavyopepesa. (Ukiona picha moja nusu imeungua kwa weupe na nusu ni giza, usiilaumu anga, kwani kamera ya simu husoma picha mstari kwa mstari na radi humaliza kazi kabla mistari haijaisha.) Tatizo la mchana ni kwamba mimweko mingi hufichwa na mvua au mwanga wa jua. Nikiweka kigunduzi karibu na simu, mlio wake huingia kwenye sauti ya video na kuwa alama ya muda wa radi hata ile isiyoonekana. Nililinganisha mlio na mimweko inayoonekana, na kuchelewa kwake ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Baadaye nyumbani napima muda kutoka kwenye mlio hadi mwanzo wa ngurumo, nagawanya kwa tatu, naandika daftarini. Mbinu hiyo hufaa pale radi zinapokuwa na nafasi kati yake. Zikiwa zinafuatana kama mvua ya mawe, huwezi kujua ngurumo ipi ni ya mlio upi.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie ramani za radi za intaneti tu. Nazitumia. Setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, ya kizazi cha tatu cha Meteosat, iliyorushwa tarehe 13 Desemba 2022 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, imebeba kamera nne zinazotafuta mimweko ya radi kwa kupiga picha 1,000 kila sekunde, na eneo inalolitazama ni pamoja na Afrika yote. Ramani yake ndiyo inayonipa ule upande ambao kigunduzi hakinipi, na ndiyo inayonionyesha Kongo. Mtandao wa Blitzortung, unaoonyesha radi kwenye ramani, ni mzuri pia, lakini hutegemea vipokezi vya watu wa kujitolea, ambavyo vimejaa Ulaya na ni vichache sana kwetu. Ubaya wa ramani ni kwamba picha hunifikia dakika kadhaa baada ya tukio, na kule ninakokwenda kurekodi mtandao wa simu huyumba. Kwa hiyo napanga safari kwa ramani, na nikishafika nafuata kigunduzi.

Kuhusu usalama nitasema waziwazi kwamba kifaa hiki hakistahili kuaminiwa. Wingu changa likiota juu ya kichwa chako, radi yake ya kwanza haina onyo, na kifaa kitalia wakati imekwishapiga. Ninachofuata ni kanuni ya kawaida: muda kati ya mwanga na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, naingia ndani ya nyumba ya kudumu au gari lenye paa la chuma, na sitoki hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha nyasi ufuoni hakikingi kitu. Kule Kibirizi mzee mmoja mvuvi alinizoea akawa ananiuliza kabla ya kuingia majini, "Mwanangu, hicho kidude kinasemaje leo?" Nilimjibu, "Mzee wangu, hiki kinasema ya sasa, hakisemi ya saa nane usiku. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa." Alicheka, akasema basi macho yake na kidude changu ni sawa.

Kinatumia betri mbili ndogo za AA, ambazo hudumu wiki nyingi ukikumbuka kukizima, na mfuniko wake hauzuii maji, kwa hiyo mimi hukifunga ndani ya mfuko wa plastiki, jambo ambalo halipunguzi usikivu wake. Kwa anayetaka picha nzuri tu za usiku, namshauri fedha hizo azitie kwanza kwenye stendi imara inayohimili upepo wa ziwani. Kwa anayeandika kumbukumbu za radi, mwenye daftari na saa iliyorekebishwa, akinunue, na akichague chenye kitufe cha kupunguza usikivu, kwani nilimwona mwenzangu na kile kisichokuwa nacho na hakuweza kukitumia mjini hata siku moja.