Mkutano wa wanachama: siku tano za Worldcon mjini Glasgow

Kabla sijafika Glasgow, Uskoti, mwezi wa Agosti 2024, kwenye Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki wa bunilizi ya kisayansi, nilikuwa nimeshapiga kura. Nilikuwa nimelipia ushiriki wangu miezi kadhaa mapema, na fedha zile zilinipa uanachama wa Jumuiya ya Dunia ya Bunilizi ya Kisayansi, ambao humpa mtu yeyote, awe profesa au dereva wa teksi, haki ya kupendekeza na kuchagua washindi wa Tuzo za Hugo, zinazotolewa kila mwaka kwa kazi bora za fani hii. Nimehudhuria matamasha mengine kadhaa ambako shabiki hulipa kiingilio, hupanga foleni, hulipa tena ili apigwe picha na mtu mashuhuri, kisha hurudi nyumbani akiwa mtazamaji vilevile kama alivyokuja. Tathmini hii nimewaandikia Waswahili wenzangu wanaopenda hadithi za sayari za mbali na majini wa kubuni, ambao wamewahi kusikia habari za Worldcon na wanajiuliza kama safari ya namna hiyo inalipa.

Mkutano huu ulianzia New York mwaka 1939, ukasimama wakati wa vita kuanzia 1942 hadi 1945, na huu wa Glasgow, uliofanyika tarehe 8 hadi 12 Agosti, ulikuwa wa 82. Hauna ofisi moja ya kudumu inayouendesha. Kila mwaka huandaliwa na kundi jingine la mashabiki, katika mji ambao wanachama wameuchagua kwa kura miaka miwili kabla. Anayekukabidhi beji, anayekuelekeza ukumbini na anayehangaika na kipaza sauti kilichogoma wote wanajitolea, na kwa desturi wamelipia uanachama wao kama wewe. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ataelewa jambo hili upesi kuliko Mzungu yeyote: kuna mweka hazina na daftari lake, kuna michango, kuna mtu asiyelala kwa ajili ya viti, na hakuna anayelipwa. Tofauti ni kwamba harusi hii ina maelfu ya waalikwa na huchukua siku tano.

Kuhusu mahali penyewe sina malalamiko. Kituo cha maonyesho cha Glasgow kipo kando ya Mto Clyde, na treni kutoka Glasgow Central hufika baada ya vituo viwili tu, kisha mtu hutembea kwenye njia iliyoezekwa hadi mlangoni, jambo ambalo huthaminiwa sana na yeyote anayeijua mvua ya Uskoti. Ukumbi mkubwa wa sherehe, uliobuniwa na ofisi ya Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1997, umeezekwa kwa magamba makubwa ya aluminiamu yanayolaliana, na wenyeji wameupa jina la armadillo, yule mnyama wa bara la Amerika. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilisema moyoni kwamba huyu ni kakakuona. Karibu yake bado imesimama winchi kubwa ya Finnieston, iliyokuwa ikipakia injini za treni melini. Glasgow ndiko zilikoundwa injini za mvuke za daraja la 29 za reli ya Afrika Mashariki, ambazo zilipewa majina ya makabila yetu, na nilijikuta nikiitazama winchi ile kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kwenye beji mshiriki huandikiwa jina alilolichagua mwenyewe, kwa hiyo yangu ilisomeka "Shabiki wa Tanga". Chini ya beji watu hubandika tepe za rangi zenye maneno ya utani au ya kutambulisha kazi zao, moja chini ya nyingine. Siku ya kwanza nilisimama kwenye foleni ya chai nyuma ya mzee mmoja ambaye tepe zake zilimfikia kiunoni. Aligeuka, akaisoma beji yangu herufi kwa herufi, akauliza Tanga ni sayari ya kitabu gani. Nilipomweleza kwamba ni mji wenye bandari na mkonge, alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akabandua utepe mmoja akanibandikia. Yeye alikuwa amehudhuria mikutano yote mitatu ya Glasgow, wa 1995, wa 2005 na huu, na aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia harusi za wanawe.

Ratiba ilikuwa na mijadala mingi kuliko mwanadamu mmoja awezavyo kuhudhuria. Kila saa kulikuwa na majopo kadhaa kwa wakati mmoja, kuanzia fizikia ya safari za anga hadi chakula katika riwaya za fantasia, na ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni kwamba achague mambo matatu kwa siku na ayafikie mapema. Mimi siku ya pili nilikawia kwenye meza za vitabu, nikakuta chumba nilichokitaka kimejaa, na sikuwa na wa kumlaumu. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwamo Ken MacLeod, mwandishi wa hukohuko Uskoti, na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ambaye kwa miaka mingi amesisitiza kwamba bunilizi iliyokita mizizi barani Afrika ipewe jina lake na isichanganywe na ile ya Wamarekani weusi. Kuliona jina la Kiigbo likiwa la mgeni wa heshima kwenye mkutano huu kulinipa faraja ambayo sikuitarajia.

Hata hivyo, kilichonilipa nauli yangu yote ni vikao vidogo vya mezani, ambapo mashabiki wachache waliojiandikisha mapema hukaa na mwandishi mmoja, bila jukwaa wala kipaza sauti. Katika kikao nilichokipata mazungumzo yaligeukia lugha, na niliwaeleza wenzangu kwamba Kiswahili humlazimisha mwandishi aamue tangu sentensi ya kwanza kama roboti ni kitu au ni kiumbe. Akiandika "roboti ilifungua mlango", ameiweka kundi moja na meza na redio. Akiandika "roboti alifungua mlango", amemtia katika ngeli ya watu na wanyama, na msomaji atamtazama kwa jicho jingine. Mwandishi aliniomba nimwandikie sentensi zote mbili kwenye karatasi ya kufutia mikono. Aliweka kidole juu ya ile silabi ya kwanza ya kitenzi, akaiangalia kimya, kisha akauliza kama inawezekana hadithi ikaanza na "i" na kumalizika na "a" pasipo msomaji kuambiwa ni ukurasa gani roboti ilipata nafsi. Nilijibu kwamba inawezekana kabisa, na kwamba sijawahi kuisoma hadithi hiyo. Karatasi ile aliikunja akaitia mfukoni. Sijui ni tamasha gani jingine ambalo mtoto wa Tanga angeweza kukaa na mwandishi anayelipwa kwa kazi yake wakajadili upatanisho wa kisarufi kwa dakika arobaini.

Ukumbi wa wauzaji ulijaa vitabu vipya na vikuukuu, vito, fulana na michezo ya mezani, na kwa mpenzi wa vitabu ni hatari kwa mfuko. Maonyesho ya sanaa yalinivutia zaidi. Chini ya picha nyingi huwekwa karatasi, na anayeitaka huandika namba yake na bei. Anayekuja baada yake hupandisha, na picha inayogombewa sana hupelekwa mnadani. Niliandika bei kwenye picha ndogo ya mnara wa taa uliosimama katikati ya mawingu, nikarudi jioni nikakuta nimepandiwa, nikapandisha, na kesho yake asubuhi nikakuta nimepandiwa tena na namba ileile. Nilimwachia.

Maonyesho ya mavazi ya wahusika yanastahili neno moja tu la ufafanuzi kwa wale wanaodhani ni mchezo wa watoto: mbali na majaji wanaotazama jukwaani, wapo wanaokagua ufundi wenyewe nyuma ya pazia, mshono kwa mshono, hata upande wa ndani wa bitana. Fundi wa cherehani wa Kariakoo angeheshimika sana pale.

Usiku wa Jumapili tarehe 11 zilitolewa Tuzo za Hugo, ambazo zilianza mwaka 1953 na hutolewa kwa umbo la roketi. Emily Tesh alishinda kwa riwaya bora, na Naomi Kritzer akaondoka na roketi mbili, moja ya hadithi fupi na moja ya hadithi ndefu kidogo kuliko hiyo. Kwangu, heshima ya usiku ule ilikuwa imeshajengwa wiki chache kabla. Mwezi Julai wasimamizi walitangaza hadharani kwamba wamezifuta kura 377, karibu asilimia 10 ya kura zote, baada ya kubaini kwamba zilipigwa kwa udanganyifu ili kumnufaisha mteule mmoja, ambaye hawakumtaja kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba alihusika. Tangazo hilo lilihitajika, kwa kuwa tuzo za mwaka 2023 zilikuwa zimetiwa doa baada ya kujulikana kwamba baadhi ya kazi na waandishi waliondolewa bila maelezo ya kuridhisha. Kamati inayoeleza idadi, sababu na hatua iliyochukua kabla haijaulizwa ni kamati ambayo ningeikabidhi mchango wangu tena.

Sasa kuhusu yasiyopendeza. Chakula nilichonunua kwenye kibanda kimoja cha jirani kilikuwa chipsi zilizopoa kwa bei ya biriani, na kuanzia siku ya pili nilibeba chapati zangu. Gharama kubwa hasa ni malazi na usafiri, kwani bei za vyumba hupanda mapema, na anayetoka Dar es Salaam au Kampala huongeza juu yake nauli ya ndege na viza. Mkutano huu unaitwa wa dunia, lakini tangu 1939 haujafanyika barani Afrika hata mara moja, na wanaotaka kubadili kanuni zake walipaswa Glasgow kuwepo ana kwa ana kwenye vikao vya asubuhi, vya kisheria na vya taratibu, ambavyo nilivihudhuria mara moja na kuusifu uvumilivu wa wengine. Anayeishi mbali ana njia mbili: uanachama wa kupiga kura pekee, ambao ni nafuu sana, na ushiriki wa mtandaoni, ambao Glasgow uliwapa watu mijadala ya moja kwa moja pamoja na mahali pa kuzungumza. Tofauti ya saa kati ya Uskoti na Afrika Mashariki mwezi Agosti ni mbili tu, kwa hiyo aliyeko Mombasa hapotezi usingizi.

Kwa mwenye uwezo wa kusafiri, nasema aende, na ajiandikishe kujitolea angalau saa chache, kwani ndiyo njia ya haraka ya kupata marafiki. Kwa asiyeweza, achukue ule uanachama wa kura. Wanachama wa Glasgow waliruhusiwa kupendekeza pia kwa mwaka uliofuata, na fomu yangu ilipofika niliisoma kwa makini: nafasi tano katika kila kundi, na kazi ya lugha yoyote inakubalika. Katika nafasi ya kwanza ya hadithi fupi niliandika jina la hadithi ya Kiswahili. Zile nne zilizobaki nilikaa nazo wiki nzima, nikitafuta nyingine.